Utabiri na Onyo: Mjadala Chini ya Mlima Hanang

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa. Tope lililobeba mawe na magogo likafuata mikondo ya maji hadi Katesh, Gendabi, Jorodom na vitongoji vya jirani, likazoa nyumba, maduka na mifugo, likafunga barabara kuu ya Babati na Singida. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Miezi mitatu na ushei kabla ya siku hiyo, mwezi Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba vuli ya mwaka huo ingekuwa na mvua za juu ya wastani katika maeneo mengi, zikiwemo nyanda za juu kaskazini mashariki ambamo mkoa wa Manyara, wenye mlima huo, umo. Mvua ilinyesha kama ilivyotabiriwa. Baada ya mazishi zikazuka lawama za pande mbili. Upande mmoja ulisema wataalamu hawakuwaambia watu. Upande wa pili ukasema watu waliambiwa wakapuuza. Naamini lawama zote mbili zinakosea kwa sababu moja: zinachukulia utabiri na onyo kuwa kitu kimoja. Ni kauli mbili tofauti kuhusu kesho, zenye kazi tofauti na wenyewe tofauti, na mwenye kuwa na moja mkononi hawezi kudhani kwamba anayo na ya pili.

Utabiri wa msimu ni kauli ya uwezekano. Wataalamu hupima joto la Bahari ya Pasifiki, ambako El Niño huzaliwa, na la Bahari ya Hindi, ambako maji ya upande wetu wa magharibi yakiwa na joto kuliko ya mashariki, vuli ya Afrika Mashariki huwa nzito. Mwaka 2023 bahari zote mbili zilielekea upande mmoja. Hapo ndipo wanapoweza kusema kwamba mvua zinaelekea kuwa juu ya wastani, za wastani au chini ya wastani katika eneo pana. Hawasemi itanyesha siku gani Dongobesh, wala korongo lipi litafurika Gendabi. Kauli ya namna hiyo ina faida kubwa kwa mtu anayefanya uamuzi uleule kila mwaka. Mkulima wa nyanda za Mbulu mwenye mahindi, maharage na kitunguu saumu anaweza kuitumia kuchagua mbegu, kuwahi kupanda, au kuimarisha matuta kwenye shamba la mteremko. Akiifuata miaka kumi ikamwangusha miwili na kumfaa minane, amepata. Uwezekano ni rafiki wa mtu mwenye misimu mingi mbele yake. Familia iliyojenga kando ya mkondo unaoshuka kutoka Hanang haina misimu kumi ya kufidia kosa moja. Kwa familia hiyo kauli ya mvua za juu ya wastani ni ya kweli na bado haiwaambii cha kufanya usiku wa leo. Wanachohitaji ni onyo, yaani kauli inayotaja mahali, muda, hatua ya kuchukua na mtu mwenye wajibu wa kuitamka.

Tofauti hii ina wapinzani, na baadhi yao wana hoja nzito. Nitawapa nafasi wazungumze mmoja mmoja. Sauti hizi nimezipanga mwenyewe kutokana na hoja zinazosikika popote jambo hili linapojadiliwa. Si maneno ya mtu fulani.

Wa kwanza ni mtaalamu wa miamba. "Ndugu mwandishi," anasema, "unadai kisichowezekana. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku na saa ambayo mlima utameguka. Unataka tuwaonye watu juu ya jambo ambalo hatuwezi kulijua?"

Nakubaliana naye katika nusu ya kwanza, na ndiyo maana nakataa ya pili. Maelezo ya serikali baada ya maafa yalikuwa kwamba hapakuwa na dalili za volkano kuamka. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilifyonza maji mengi, ikaelemewa, ikakatika. Saa ya tukio kama hilo haibashiriki. Lakini onyo halikuwahi kutegemea ubashiri wa aina hiyo. Hong Kong, mji uliojaa majengo chini ya miteremko mikali, ulipoteza watu wengi kwa maporomoko ya mwaka 1972 na 1976. Tangu mwaka 1977 una mfumo wa kuonya unaotegemea hesabu ya mvua: vipimamvua vinasomwa mfululizo, na maji yaliyonyesha yakifikia kizingiti kilichowekwa, onyo linatolewa kwa umma. Hakuna anayetaja mteremko utakaokatika. Wanachojua ni kwamba mvua ya kiasi fulani ikinyesha kwa muda fulani, miteremko huanza kukatika, na hilo linatosha kuwaambia watu wakae mbali nayo. Onyo linahitaji ujuzi mdogo kuliko ubashiri, ila linahitaji uamuzi uliofanywa mapema: kiasi gani cha mvua kitatosha, na kikifika, nani atasema.

Uamuzi huo ukikosekana, hata ujuzi mwingi haufui dafu. Kule Kolombia, mwezi Oktoba 1985, wanasayansi walichora ramani ya hatari ya mlima wa volkano Nevado del Ruiz. Mji wa Armero ulikuwa ndani ya eneo lililooneshwa kuwa njia ya tope. Usiku wa tarehe 13 Novemba mlima ulilipuka, ukayeyusha barafu kileleni, na tope likatumia zaidi ya saa mbili kufika mjini. Zaidi ya watu 20,000 walikufa. Ramani ilikuwepo na muda wa kutoka ulikuwepo. Wenye madaraka walikuwa wamesita kwa wiki kadhaa kuhamisha watu kwa kuhofia gharama na aibu ya kuonekana wamebahatisha, na jioni ile ile wakazi waliambiwa watulie. Mtaalamu wetu anaweza kusema Hanang si Ruiz, na ni kweli: Ruiz ilikuwa inatoa majivu tangu alasiri, Hanang ilikuwa kimya. Lakini swali ninalolileta kutoka Armero halihusu volkano. Linahusu umbali uliopo kati ya mtu anayejua na mtu anayelala.

Mtumishi wa umma anaingilia hapo. "Onyo lipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa haitoi utabiri wa msimu peke yake. Inatoa taarifa za siku tano zenye ngazi zake: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Inataja uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari zinazoweza kujitokeza. Unataka nini zaidi?"

Hatua hiyo ni kubwa na inastahili sifa. Kusema ni madhara gani mvua inaweza kuleta, badala ya kutaja mvua pekee, kumeusogeza utabiri karibu na onyo. Hata hivyo tazama taarifa hizo zinavyoandikwa. Zinataja baadhi ya maeneo ya mikoa fulani, na hazina jinsi ya kufanya vinginevyo, maana chombo cha hali ya hewa kinaona wingu. Hakioni kwamba nyumba sita za kitongoji fulani zimejengwa kwenye mdomo wa korongo. Manyara ni mkoa unaoanzia kwenye nyika za Simanjiro na Kiteto hadi baridi ya Mbulu. Angalizo la mvua kubwa likitolewa kwa mkoa mzima, mfugaji wa Simanjiro anafurahia malisho, mkulima wa ngano wa Basotu anawazia magugu na kutu, na mtu aliye chini ya mlima anapaswa kuwazia uhai wake. Maneno yaleyale yamewafikia watatu, na kila mmoja ameachiwa atafsiri mwenyewe. Kazi ya kuyageuza kuwa onyo kwa yule wa tatu haiwezi kufanyikia Dar es Salaam wala Dodoma. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji, kwa hiyo kiti cha mwonyaji kipo kisheria. Kinachohitajika ni aliyekalia kiti hicho awe na kipimamvua, ramani ya mikondo ya mlima wake, namba ya kizingiti, na ruhusa ya kutamka bila kusubiri barua.

Kabla sijamwacha mtumishi wa umma, kuna kisa cha jirani zetu wa Kenya cha vuli ileile. Idara yao ya hali ya hewa ilikuwa imetabiri mvua kubwa. Mwanzoni mwa Oktoba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba wataalamu wamemweleza kuwa El Niño ya maangamizi haingetokea tena. Mjadala wa taifa ukahamia kwenye jina: ni El Niño au si El Niño? Mvua haikungoja jibu. Novemba ilileta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 100 na kuhamisha mamia ya maelfu. Utabiri ukitumiwa mahali pa onyo, hubishaniwa kama dau: itatokea, haitatokea. Onyo halibishaniwi hivyo, kwa sababu linaanza na neno "ikiwa". Ikiwa maji ya mkondo huu yatafika kwenye jiwe lile, tokeni. Kauli hiyo inaweza kuwa sahihi mwaka mzima bila maji kufika kwenye jiwe hata mara moja.

Sasa anazungumza mama mwenye duka Katesh, na huyu ndiye mpinzani ninayemheshimu kuliko wote. "Mwanangu, maneno yako mazuri ukiwa umekaa pakavu. Mimi nikitolewa usiku, naacha bidhaa zangu, wezi wanaingia. Shemeji yangu ana ng'ombe, atawaacha? Mkitutoa mara tatu na mlima haujafanya kitu, mara ya nne hamtatuona. Afadhali mnyamaze mpaka muwe na hakika."

Kila kitu alichokitaja kina uzito, isipokuwa sentensi ya mwisho, ambayo ndiyo iliyowamaliza watu wa Armero. Hakika hufika pamoja na tope. Lakini haitoshi kumjibu mama huyu kwa kumwambia kwamba uhai ni bora kuliko duka; analijua hilo kuliko anayemwambia. Jibu la kweli lazima lipunguze gharama anayoilalamikia. Sehemu ya kwanza ya jibu ni kupunguza idadi ya wanaotolewa. Onyo lisilo na ramani huutoa mji mzima barabarani. Lenye ramani hutoa nyumba zilizo kwenye njia ya maji na kuwaacha wengine walale. Tope la Desemba 2023 lenyewe limeacha alama za njia yake, na wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini wanao ujuzi wa kuzisoma alama hizo na kuonesha njia nyingine ambazo bado hazijatumika. Sehemu ya pili ni kuufanya usiku mmoja wa kutoka uwe mwepesi: pajulikane mapema pa kwenda, iwe shule, kanisa au msikiti ulio juu ya mkondo, mgambo wajulikane watakaolinda maduka, na zizi la dharura liwepo upande salama, kwa sababu kumwambia mfugaji wa Kibarabaig aache ng'ombe wake na kukimbia ni kutoa onyo ambalo mtoaji anajua halitatiiwa. Onyo lisiloweza kutiiwa ni utabiri uliopigiwa kelele.

Sehemu ya tatu ndiyo ngumu, nayo inahusu ukweli. Watu hawachoki kwa sababu ya kutoka bure. Wanachoka kwa sababu waliambiwa kwamba tope linakuja kisha halikuja, na wakajiona wamedanganywa. Kama tangu mwanzo wangeelezwa kwamba kizingiti kimewekwa chini makusudi, na kwamba mara nyingi watakapotoka mlima utabaki ulivyo, basi asubuhi ya kurudi nyumbani ingekuwa sehemu ya makubaliano. Uaminifu huo unadaiwa pia katika upande wa pili, wa kuwatuliza watu. Kabla ya tetemeko la ardhi la L'Aquila, Italia, la tarehe 6 Aprili 2009, lililoua watu 309, ofisa mmoja wa ulinzi wa raia alikuwa ameuambia umma kwamba hapakuwa na hatari. Mwaka 2012 yeye na wanasayansi sita walihukumiwa kifungo. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliwaachia wanasayansi wote sita, ikampunguzia ofisa huyo adhabu bila kumfutia hatia. Naona busara katika mgawanyo huo. Kutobashiri tetemeko si kosa. Kuwapa watu hakika ambayo huna, hata hakika ya amani, ni jambo lingine.

Mzee wa Mbulu amekaa kimya muda wote. "Mwanangu," anasema, "mnazungumza kana kwamba kesho imeanza kusomwa zilipokuja mashine. Wairaqw tulikuwa na watu wetu wa mambo haya. Na yale ambayo hawakuyaona, yalikuwa mapenzi ya Mungu."

Sitabishana naye kuhusu Mungu, wala sitadai kwamba mashine na mila vinaona kitu kilekile. Nataka nimwonyeshe kwamba mila aliyoitaja iko upande wangu. Katika nchi ya Wairaqw, wazee wa eneo walipoona dalili mbaya, ukame au maradhi, walikwenda kwa qwaslare, mwenye mamlaka ya mambo ya mvua na ulinzi wa ardhi. Hawakurudi na habari tupu kwamba mwaka utakuwa mbaya. Walirudi na maagizo: tambiko gani lifanywe, nani alifanye, nini kisifanywe mpaka lini. Wazee ndio waliobeba maagizo hayo, na kila kaya ilijua ni ya nani na yanamhusu vipi. Hoja yangu haigusi kama tambiko lilileta mvua. Inagusa muundo wa kauli: neno kuhusu kesho lilifika kwa watu likiwa limeshikamana na kitendo na mtu wa kukiamuru. Tulichofanya katika zama za redio na simu ni kulipata neno lenye vipimo bora zaidi, kisha tukaliacha liende peke yake.

Wa mwisho ni kijana mwenye hasira, na hasira yake inaeleweka. "Kaka, maonyo ya nini? Wahamisheni watu wote walio chini ya mlima, mjadala uishe. Mlima ulioanguka mara moja utaanguka tena."

Kuhama ni jibu kwa wengine, na kwa Hanang limeshaanza: waathirika wamejengewa nyumba zaidi ya 100 huko Waret. Lakini kijana atazame Bududa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Tarehe 1 Machi 2010 poromoko lilifukia kijiji cha Nametsi na watu zaidi ya 300 wakafa au kupotea. Serikali ilihamishia manusura Kiryandongo, mbali na mlima. Baadhi yao walirudi mlimani, kwenye ardhi yenye rutuba, migomba na makaburi ya wazazi wao, na maporomoko yameendelea kuua huko kwa miaka iliyofuata. Watu hawaishi chini ya milima kwa ujinga. Udongo wa volkano unazaa, maji yanashuka kutoka msitu wa Hanang, na Katesh ni mji wa soko ulio kwenye barabara kuu. Mji hauhamishwi wote kwa agizo. Kinachowezekana ni kukataza ujenzi mpya kwenye njia za tope, kuwahamisha waliomo ndani kabisa, na kuwaonya wanaobaki. Na hapa, katika upangaji wa ardhi, ndipo kauli ya uwezekano inaporudishiwa heshima yake. Kama mvua nzito za aina ya 2023 zinaelekea kuwa za mara kwa mara kadiri bahari zinavyopata joto, basi halmashauri inayogawa viwanja kwa miaka hamsini inafanya uamuzi unaorudiwa, sawa na yule mkulima wa Mbulu, na inapaswa kuutumia utabiri kama anavyoutumia yeye.

Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza lengo la kila mtu duniani kulindwa na mifumo ya maonyo ya mapema ifikapo mwisho wa 2027. Tope lilipoifikia Katesh, viongozi wa dunia walikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi ambako lengo hilo lilikuwa mezani, na Rais Samia Suluhu Hassan akakatiza safari yake kurudi nyumbani. Hofu yangu ni kwamba lengo hilo litapimwa kwa kile kinachohesabika kirahisi: idadi ya rada, ya mitambo, ya taarifa zilizotumwa kwenye simu. Hivyo vyote ni vya utabiri, na nchi inavihitaji. Kipimo cha onyo ni kingine, na Halmashauri ya Hanang inaweza kukitumia kabla ya vuli ijayo bila kusubiri fedha za mtu. Aulizwe mkazi wa nyumba ya kwanza kando ya mkondo: nani atakugongea mlango, akiona nini, nawe utakwenda wapi? Kisha aulizwe mwenyekiti wa kitongoji kama amepewa kwa maandishi mamlaka ya kuwatoa watu usiku, na kama maandishi hayo yanasema wazi kwamba hatalaumiwa wala kuadhibiwa kukikucha na mlima uko palepale.